Pile ya Moyo Ikikutia Shaka: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Usiku wa kwanza wa umeme kukatika baada ya mimi kurudi Lubumbashi na pesimeka kifuani, kile kisanduku cha umeme kinachosaidia moyo kupiga, mke wangu alinyosha mkono gizani akauweka juu ya kovu langu. Hakusema neno. Alikuwa anasikiliza kama mashine nayo imezimika. Nilimshika vidole nikavipeleka kwenye kifundo cha mkono wangu, tukahesabu pamoja kwa saa ya simu: sitini kwa dakika, bila kuruka hata moja. Ndipo akalala.

Pesimeka haijui kama mtaa una umeme au hauna. Ndani yake mna betri ya lithiamu iliyofungiwa humo humo, inayodumu kwa kawaida miaka 7 hadi 15, kutegemea inavyofanya kazi. Lakini simlaumu mama watoto. Katika miaka tisa ya kuishi na kifaa hiki hapa Katuba, nimeona watu wengi wakiogopa kisichodhuru na kukaa kimya mbele ya kinachoua. Mtu anazunguka njia ndefu ili asipite karibu na mnara wa simu, halafu anakaa wiki tatu na kipele kinachotoa maji juu ya kisanduku. Hataki hata redio iwashwe karibu naye, lakini nyumbani ana friji inayomtekenya mkono kila anapoigusa.

Nilikuwa fundi umeme kabla moyo wangu haujaanza kusimamasimama, na bado ni fundi. Fundi havunji ukuta kabla ya kupima. Ndivyo nitakavyokwenda hapa: dalili kwanza, kisha chanzo kinachowezekana zaidi, kisha la kufanya. Mimi si daktari. Pale ninapoandika "nenda hospitali", maana yake usingoje asubuhi.

Tutofautishe kwanza, maana nyumbani tunaviita vyote "pile". Pesimeka husukuma moyo unaokwenda polepole au unaosimama: hutuma umeme mdogo sana ambao mwenyewe hauhisi. Difibrileta ni kubwa kidogo, na juu ya kazi hiyo ina nyingine: moyo ukianza kutetemeka ovyo bila kusukuma damu, huupiga shoti kubwa ili urudi kwenye mwendo. Pesimeka ya kawaida haipigi shoti. Kama hujui unayo ipi, uliza leo, kwa sababu nusu ya ushauri ulio hapa chini unategemea jibu hilo.

Kabla ya dalili: kadi, namba na kidole

Siku ya kuwekewa kifaa unapewa kadi yenye jina la kampuni, modeli, namba ya kifaa, namba za nyaya na tarehe. Kila kampuni ina kompyuta yake ya kusomea vifaa vyake, na ya kampuni moja haisomi kisanduku cha nyingine. Kwetu hili ni jambo zito. Unaweza kufunga safari hadi Lusaka au Kinshasa, ukakuta daktari hodari na kompyuta isiyokuwa yako. Kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda basi, taja kampuni na modeli, uulize kama wanayo ya kuisoma. Na kama bado hujawekewa kifaa, uliza swali hilo kabla ya kukubali aina yoyote: nani, katika mji ninaoweza kuufikia, ataisoma hii miaka kumi ijayo?

Ukiwa umeipoteza kadi, piga radio ya kifua, yaani eksirei. Kwenye kisanduku mna alama ndogo zinazoonekana kwenye eksirei, na daktari wa moyo anaweza kuitambua kampuni kwa hizo. Radio hiyo hiyo inaonyesha nyaya zimekaa wapi. Itunze.

Namba ni ile ya mapigo kwa dakika ambayo kifaa chako hakiruhusu moyo ushuke chini yake. Wengi wamepangiwa 60, na wengine hupangiwa chini zaidi wakati wa usingizi. Iandike nyuma ya kadi kwa kalamu isiyofutika.

Kidole ni cha kupimia. Kaa dakika tano, weka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mkono mwingine, uhesabu dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne, maana pigo lililopotea hujificha hapo. Na usiiamini sana mashine ya presha ya sokoni: kuna mapigo ya ziada ambayo ni dhaifu, hayafiki kwenye kifundo, na mashine itasema 38 wakati moyo unapiga vizuri. Ukipata namba ndogo na unajisikia mzima, ngoja kidogo, hesabu tena.

Pia nina daftari la shule. Kila kitu cha ajabu nakiandika: saa, nilikuwa nafanya nini, nimegusa nini, mapigo ni mangapi. Daktari akiwa na kompyuta mkononi anaweza kulinganisha saa yangu na kumbukumbu iliyo ndani ya kifaa. Bila saa, tunakisia.

Kizunguzungu, giza machoni, kuzimia

Ukizimia kabisa, nenda hospitali, hata kama umeamka na unajisikia vizuri. Hapo hakuna cha kupima nyumbani.

Kama ni kizunguzungu tu, shika mkono uhesabu. Jibu linakupeleka njia mbili.

Mapigo yako chini ya namba yako, na umehesabu mara mbili ukapata vilevile: hapo kifaa chenyewe kinashukiwa, nenda. Katika wiki za kwanza, mshukiwa mkuu ni waya uliosogea. Ncha ya waya imeshikwa ndani ya moyo kwa skurubu ndogo au kwa vijimeno laini, na inangoja nyama ijenge kuizunguka. Ndiyo maana tunaambiwa kwa wiki nne hadi sita mkono wa upande ule usipande juu ya bega, na usibebe zaidi ya kilo tano hivi.

Amri hiyo ni rahisi kuisema na ngumu kuifuata nyumbani kwetu. Namfahamu mama aliyerudi na nyuzi bado mbichi, na siku ya nane kukawa na msiba kwa shemeji yake. Hakuna aliyemlazimisha. Aliona wenzake wamechoka, akashika mwiko akasonga bukari ya watu sitini, mikono miwili, bega likivuta na kusukuma mpaka unga ukaiva. Usiku akaanza kuona giza. Waya ulikuwa umetoka mahali pake, ikabidi afunguliwe tena. Kwa hiyo nawaambia wanaume na watoto wa nyumba: wiki hizo sita, kusonga bukari, kutwanga sombe, kuanika nguo kwenye kamba ya juu na kujitwika ndoo si kazi ya mgonjwa. Asiombwe, na akijitolea azuiwe. Mama anayebeba mtoto mgongoni, fundo la kitenge lisikae juu ya kisanduku hata baada ya kupona.

Lakini wapo wanaofunga mkono kwenye kanga miezi miwili kwa woga. Hao bega lao hukakamaa, na maumivu yake ni makubwa kuliko ya upasuaji. Mkono utembee kila siku, chini ya bega tu.

Ikiwa miaka imepita, waya unaweza kuwa umechakaa au kukatika, hasa pale unapobanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Au betri inaishia. Au chumvi za mwili zimevurugika: mwenye ugonjwa wa figo potasiamu yake ikipanda sana, kifaa hutuma umeme lakini nyama ya moyo haiitikii. Nimemsikia mtu akisema "mashine imekufa" wakati iliyokwama ni figo.

Njia ya pili: mapigo ni yale yale ya kila siku, lakini dunia inazunguka. Hapo mara nyingi kifaa hakina kosa. Kwangu ilinitokea mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi likiwa kileleni kabla ya mvua, nikiwa nimeongezewa vidonge vya kukojoa. Kila nikisimama, kuta zinazunguka. Mapigo sitini na tano, presha chini. Maji yalikuwa yamepungua mwilini, daktari akapunguza vidonge. Malaria, njaa, upungufu wa damu na dawa za presha hufanya vivyo hivyo.

Kuna hali nyingine inayowapata wenye waya mmoja tu: uchovu, shingo kudunda, pumzi fupi, kana kwamba vyumba vya moyo vinagongana. Hiyo hutengenezwa kwa kubadili mipangilio kwenye kompyuta, au wakati mwingine kwa kuongeza waya. Watu huishi nayo miaka wakidhani ni uzee.

Ngozi juu ya kisanduku

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu hapa ndipo tunapopotezeana watu.

Siku za mwanzo, wekundu kidogo kwenye mshono, uvimbe mdogo na rangi ya zambarau inayoshuka kuelekea titi ni kawaida, mradi kila siku vinapungua. Kisicho kawaida ni wekundu unaopanuka, joto, maji au usaha, mshono kuachia, homa, au ngozi inayokuwa nyembamba na kung'aa mpaka kona ya kisanduku inaonekana kama kidole ndani ya soksi iliyochakaa. Hayo yanaweza kuja wiki ya pili au mwaka wa tano.

Jirani mmoja alikuja kwangu na kipele kama punje ya mhindi pembeni ya kovu. Hakikuuma. Hakuwa na homa. Alikuwa ameshapita kwenye zahanati moja ambako waliingiza sindano wakavuta maji, wakampa vidonge vya siku saba. Kipele kilikauka, wote wakafurahi. Baada ya mwezi kikarudi viwili.

Usiruhusu mtu achome sindano kwenye uvimbe ulio juu ya kisanduku. Sindano inaingiza vijidudu mahali ambapo havikuwapo. Usikamue, usikande kwa kitambaa cha moto, usipake dawa ya meno wala mafuta ya maombi kwenye kidonda, na usichanjwe chale kifuani. Ninawaheshimu wazee wetu, na nimewaambia wa kwangu uso kwa uso: popote isipokuwa hapa. Waya unatoka kwenye kisanduku unaingia kwenye mshipa hadi ndani ya moyo, na vijidudu huufuata kama maji yanavyofuata kamba ya kisima. Vikishakaa kwenye kifaa, vidonge peke yake haviviondoi, vinavinyamazisha tu. Tiba ya kweli mara nyingi ni kutoa kisanduku na nyaya zake zote, kisha kuweka kipya upande mwingine. Jirani yangu alifanyiwa hivyo, na yupo.

Na homa isiyo na kipele? Hapa kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na mara nyingi ni kweli. Pima. Kipimo kikiwa safi, au homa ikirudi baada ya dawa, mwambie daktari: "Nina nyaya moyoni. Naomba damu yangu ichukuliwe ioteshwe kabla sijaanza antibiotiki." Sentensi hiyo iandike kwenye daftari.

Mkono wa upande wa kifaa ukivimba wote na kuwa mzito, huenda damu imeganda mshipani. Nenda.

Kifua kinarukaruka, kwikwi isiyoisha

Kwikwi inayokwenda sawasawa na mapigo, hasa ukilalia upande wa kushoto, ni umeme wa kifaa unaogusa mshipa wa fahamu wa kiwambo, ule msuli wa kupumulia. Msuli wa kifua unaotikisika chini ya kisanduku unaweza kuonyesha ganda la waya limechubuka. Si dharura ya usiku kama mapigo yako ni sawa na kichwa hakizunguki, lakini itafute kliniki ndani ya siku chache. Mara nyingi hupunguzwa nguvu kwa kompyuta, kazi ya dakika kumi.

Na acha kukichezea kisanduku. Wapo wanaokizungusha chini ya ngozi bila kujua, kama mtu anayechezea kifungo cha shati. Waya hujisokota kama uzi kwenye kibiringo, ncha inang'oka.

Difibrileta imepiga

Wenye pesimeka peke yake mnaweza kuruka sehemu hii.

Shoti ni kama teke la kifuani kutoka ndani. Aliyekushika wakati huo anaweza kuhisi mtekenyo, haumdhuru. Sheria yake ni fupi. Imepiga mara moja na baada yake uko sawa: kaa, pumzika, piga simu kwa daktari wako siku hiyo hiyo. Imepiga mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, au imepiga mara moja na una maumivu ya kifua, pumzi fupi, umezimia au akili haijatulia: hospitali sasa hivi, na usiendeshe gari wewe. Hata baada ya shoti moja, usukani uache mpaka daktari aseme.

Kisha tafuta kwa nini. Kifaa huhifadhi mchoro wa mapigo ya kila shoti, na huo mchoro ndio shahidi. Sababu ya kwanza ni ile iliyokusudiwa: moyo ulivurugika, kikauokoa. Lakini jiulize nini kiliuvuruga. Kuhara na kutapika kunamwaga potasiamu na magnesiamu, na mji wetu unaijua kipindupindu. Mwenye difibrileta akihara siku nzima hangoji ya pili. Dawa nyingine hurefusha muda wa umeme wa moyo: kwinini ni mojawapo, halofantrini ni mbaya zaidi, erithromisini pia. Sisemi usitibiwe malaria. Sema una difibrileta kabla dripu haijatundikwa, ili wachague dawa na wakuangalie.

Sababu nyingine ni waya uliokatika unaotoa kelele ambazo kifaa hudhani ni moyo, au moyo kwenda mbio kwa sababu nyingine.

Na ipo ya tatu, ambayo kwa ufundi wangu naiona kila mahali. Mama mmoja wa Kamalondo alinipigia: "Baba, imenipiga tena. Ni mara ya pili wiki hii, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa." Nikamuuliza alikuwa wapi. Jikoni. Na ile ya kwanza? Akanyamaza, kisha akasema jikoni. Akifanya nini? Akifungua friji ya barafu anazouza.

Nilikwenda na kipimo changu. Sakafu ya saruji, imelowa kwa barafu iliyoyeyuka, yeye huvaa kandambili zilizoisha. Plagi ya friji ilikuwa na meno mawili, waya wa ardhini umekatwa ili iingie kwenye soketi ya zamani. Niliweka ncha moja kwenye mshikio, nyingine kwenye sakafu mbichi: volti 94. Nikamuuliza kama huwa anahisi kitu. "Kidogo tu, kama sisimizi. Friji zote si ndivyo zilivyo?"

Hapana, Mama, sivyo zilivyo. Umeme wa nyumbani hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Kiasi kidogo kinachovuja, ambacho kidole hukihisi kama sisimizi au hakikihisi kabisa, kikipita mwilini kifaa hukisoma kama moyo unaotetemeka ovyo. Kikafanya kazi yake kwa uaminifu, kikapiga. Mchoro uliposomwa baadaye ulionyesha mistari midogo iliyopangana sawasawa kama meno ya kitana, si moyo hata kidogo. Kwa mwenye pesimeka uvujaji huo huo unaweza kufanya kinyume: kifaa kinadhani moyo unapiga, kinanyamaza, na mtu anaona giza.

Tulipiga fimbo ya shaba ardhini nyuma ya nyumba, tukavuta waya wa ardhini hadi jikoni, tukaweka swichi ya usalama ya miliampia 30 inayokata umeme unapovuja. Haijampiga tena jikoni. Kama una kifaa kifuani, hii ndiyo fedha ya kwanza ya kutumia nyumbani kwako. Mashine ya kufulia, hita ya maji, pasi yenye waya uliochubuka, pampu ya kisima: chochote kinachotekenya kichomolewe leo, na viatu vikavu viwe mlangoni mwa jiko.

Kifaa kinalia au kinatetemeka

Baadhi ya difibrileta hulia au kutetemeka, mara nyingi saa ile ile kila siku. Si simu ya mtoto. Betri inakaribia mwisho, au waya una tatizo. Kikilia, piga simu siku hiyo.

Pesimeka nyingi hazilii. Hufikia alama ya kubadilishwa, na kuanzia hapo huwa na miezi mitatu hivi ya kazi ya uhakika. Baadhi hubadili mwendo, na mtu hujiona amechoka bila sababu. Ndiyo maana pesimeka husomwa kila miezi 6 hadi 12, na difibrileta kila miezi 3 hadi 6. Ukishindwa kuifikia kompyuta ya kampuni yako, daktari mwenye mashine ya ECG, ile inayochora mapigo ya moyo, na sumaku maalumu anaweza kuona mwendo ambao kifaa hupiga kikiwekewa sumaku, unaodokeza hali ya betri. Afanye yeye, si wewe na sumaku ya spika.

Betri haichajiwi. Hubadilishwa kisanduku kizima, na nyaya nzima huachwa. Mtu wa kwanza kuwekewa pesimeka mwilini, Arne Larsson wa Sweden, mwaka 1958, kifaa chake cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara ishirini, akafa mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Nikifikiria gharama ya safari yangu ijayo, humkumbuka huyo.

Umbali: shubiri, dhiraa na hatua

Simu: shubiri moja kutoka kwenye kisanduku, na isikae kwenye mfuko wa shati. Sikio la upande wa pili. Simu mpya zenye sumaku mgongoni na visikilizio vinavyoning'inia kifuani ndivyo vya kuangalia, kwa sababu sumaku yenye nguvu ya kuanzia gauss 10 hivi hugeuza tabia ya kifaa: pesimeka hupiga kwa mwendo wa kudumu bila kusikiliza moyo, na difibrileta huacha kulinda mpaka sumaku iondoke. Spika kubwa za kanisani zina sumaku nzito, usiziegemee wala kuzibeba kifuani. Jiko la umeme la sumaku: zaidi ya dhiraa. Jenereta inayonguruma na injini ya gari iliyowashwa: dhiraa, na usiinamie. Drili na mashine ya kusaga chuma: dhiraa vilevile. Nyaya za barabarani, mnara wa simu, runinga, mikrowevu, pasi nzima: endelea na maisha.

Uwanja wa ndege wa Luano na kwenye mageti ya makampuni: onyesha kadi, pita katikati ya lango kwa mwendo wa kawaida bila kusimama wala kuegemea. Kile kijiti cha mkononi cha kutafutia chuma kisishikwe juu ya kifua. Omba upekuliwe kwa mikono.

Kazi ndiyo swali gumu katika mji wa shaba. Fundi wa kuchomelea hapaswi kudanganywa kwa ahadi wala kwa vitisho. Makampuni mengi ya vifaa huruhusu kuchomelea chini ya ampia 160 kwa masharti: mwali uwe sentimita 60 au zaidi kutoka kifuani, kibanio cha ardhini karibu kabisa na mshono, nyaya mbili zilale pamoja chini bila kuzungushwa begani, glavu kavu, pumziko kati ya mshono na mshono, na usiwe peke yako. Ukihisi kizunguzungu, angusha, ondoka. Mwenye difibrileta aongee na daktari kwanza. Karakana za elektrolisi, zinazosafisha shaba kwa umeme, kama zile za Likasi na Kolwezi, ni jambo jingine: humo hupita maelfu ya ampia ya umeme usiogeuka, na sumaku yake haionekani wala kusikika. Usiingie mpaka nguvu yake imepimwa na daktari ameiona namba. Tanuri za umeme vivyo hivyo.

Ukiwa mgonjwa wa kitu kingine

Sema kabla hujalala kwenye kitanda chochote. Radio, skana na ultrasauti hazina shida. MRI, ile picha inayopigwa kwa sumaku kubwa, kwa kawaida inaruhusiwa kama kisanduku na nyaya zake zote vimeandikwa kuwa vinaikubali, na kifaa kipangwe kabla na baada. Tiba ya joto la umeme ya wachua viungo, ile diathemia, ni marufuku. Upasuaji unaotumia kisu cha umeme, na mionzi ya saratani, vinahitaji daktari wa moyo ajue kwanza.

Na swali ambalo familia huniuliza kwa sauti ya chini: je, pesimeka itamzuia mzee kufa? Hapana. Moyo uliochoka haujibu umeme. Lakini difibrileta inaweza kumpiga shoti mtu anayekata roho, na hilo ni la kuhuzunisha bila faida. Inaweza kuzimwa kwa kompyuta, bila upasuaji. Liongeeni mapema, mgonjwa mwenyewe akiwapo.

Mtu akianguka na hapumui, kifaa kisiwazuie. Bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, na kama kuna mashine ya shoti ya nje, pedi ziwe sentimita 8 au zaidi mbali na kisanduku. Mwanangu mkubwa nimemfundisha haya kwenye mto wa kitanda, mara tatu, mpaka akatoka jasho. Anajua pia kadi inakaa wapi: mfuko wa ndani wa koti langu, pamoja na kadi ya mchaguzi, na nakala yake imebandikwa kwenye mlango wa kabati, usawa wa macho ya mama yake.